Fundi Cherehani na Shangazi wa Kitabuni

Fundi wetu wa cherehani hapa Levolosi husoma huku akishona. Kitabu hukiegemeza kwenye boksi la nyuzi, ukurasa akaubana kwa mkasi. Anapenda riwaya za kina mama wenye vituko, na kumbukumbu za watu wanaowacheka ndugu zao wa nyumbani. Akifika pazuri, mguu huacha kukanyaga na mabega yakaanza kutikisika, nasi tuliokaa kwenye benchi tunajua kicheko kinakuja.

Juzi alikuja Bi Arafa kupunguza gauni lililompwaya. Tangu amzike dada yake alikuwa haongei na mtu. Fundi alimpima kiuno taratibu, kisha akamwambia, "Kaa kidogo, nikusomee." Akamsomea habari za shangazi aliyepeleka posa nyumba siyo, akamaliza pilau ya watu ndipo akagundua. Bi Arafa akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Huyo ni dada yangu mtupu!" akasema, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaanza kutusimulia visa vya marehemu, kimoja baada ya kingine. Fundi akakifunga kitabu, akamsikiliza.