Wingu Juu ya Njia ya Titye

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha Kasulu, nikiwa nimehamishwa kutoka Tanga, nilishikwa na ugonjwa wa kuchora mawingu. Rangi za maji tu na karatasi nene. Mawingu ya kwetu yana adabu; ya huku yana hasira, na mimi niliyapenda hivyo hivyo.

Jumamosi moja alasiri wingu liliinuka nyuma ya kilima, jeusi, tumbo la kijani. Niliketi barazani nikalichora kwa pupa. Nililiongezea zambarau ambayo haikuwepo, nikaacha rangi zichuruzike hadi kilimani, na katikati nikabakiza mstari mweupe wa karatasi: njia ya Titye. Radi ilipopiga kwa mbali nilifurahi. Niliomba kabisa lisogee karibu.

Jirani yangu alitoka mbio kuanua maharage yake.

"Mwalimu, inkuba hiyo inakuja! Mtoto yuko wapi?"

"Kwaya," nikasema, na papo hapo nikainuka. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa anarudi muda huo, kwa njia ile ile niliyoiacha nyeupe.

"Na amevaa sweta lile jekundu?"

Huku watu hawavai nyekundu mbingu zikinguruma; wanasema inaita inkuba, yaani radi. Nilikuwa nimewacheka sana kwa hilo, tena mbele ya walimu wenzangu. Sasa nilikuwa napanda kilima mbio, mvua imeanza, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope, naogopa kila kitu: wingu, miti, kicheko changu mwenyewe.

Radi ikapiga karibu, ardhi ikatetemeka. Nilianguka kwa magoti. Nilipoinua kichwa nikaona kitu chekundu, peke yake, juu kabisa, mahali pasipo na mti hata mmoja.

"Vua sweta! Vua!"

Hakusikia. Alinipungia mkono akicheka, kwa kuwa mama yake amekuja kumpokea.

Nilimvua mwenyewe, nusura nimtegue mkono, nikamburuta hadi nyumbani. Alilia kwa kuvutwa. Mimi hata kufungua mlango nilishindwa, akaufungua jirani.

Mvua ilipokatika, binti yangu alisimama mbele ya picha, amejifunga kanga yangu.

"Hii si njia yetu, mama? Mbona hukunichora?"

Nilimjibu kwamba rangi iliisha. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba nilipokuwa naichora, sikumkumbuka hata kidogo.