Mguu wa Yakubu, Mikono ya Ramla

Yakubu aliwashonea watu wa Kabondo kwa miaka ishirini na mitatu, na muda wote huo hakuna mwingine aliyekaa mbele ya cherehani yake. Ilikuwa cherehani ya kukanyaga, na mguu uliokanyaga ndio uliomwangusha: mfupa wa pembeni ya kidole gumba uliota nundu hadi kiatu kikakataa kuingia. Daktari akampasua, akaunyoosha mfupa, akamfunga plasta mpaka chini ya goti.

"Wiki sita, papa," akamwambia. "Kukanyaga chini, hapana."

Siku tatu za kwanza Yakubu alilala chumbani, mguu juu ya mito miwili, akiwashwa ndani ya plasta mahali ambapo kidole hakifiki. Siku ya nne asubuhi akasikia cherehani inalia barazani.

"Nani iko kwa mashini?"

"Ni mimi, Papa Amani," mkewe Ramla akajibu, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Robo ya Mama Agathe, ile nguo ya sherehe, ilibakia bila mikono, na ndoa ya binti yake ni hii Jumamosi."

Ramla alikuwa mtu wa kupiga pasi na kutia vifungo. Yakubu hakuwahi kumfundisha kushona. Akatega sikio, akingoja uzi ukatike. Haukukatika. Cherehani ilikwenda mwendo mmoja, laini, na kila ilipotulia aliomba moyoni iwe imeharibika.

Mama Agathe alipokuja kuchukua nguo yake, sauti ilipenya hadi kitandani.

"Eee, Mama Amani! Mukono inakaa muzuri hivi! Siku zote ulikuwa unajificha wapi?"

Wakacheka wote wawili. Kisha Mama Agathe akaingia kumjulia hali mgonjwa. "Pole sana, Papa Amani. Pumzika tu, usiwe na haraka."

Yakubu akatabasamu kwa meno. Usiwe na haraka! Neno hilo lilimchoma kuliko kisu cha daktari.

Wiki ya pili benchi la barazani likajaa. Wanawake walimweleza Ramla mambo ambayo hawakuwahi kumweleza fundi mwanamume: huyu ananyonyesha, anataka zipu iliyofichwa ubavuni, yule amenenepa kifuani na hapendi mtu ajue. Yakubu akadai kila nguo ipitie kwake kwanza. Aliigeuza ndani nje, akaikagua mshono kwa mshono, na siku moja akapata mahali palipopinda kwa upana wa ukucha.

"Fumua."

Ramla akafumua bila neno. Yakubu alitamani angalau abishe.

Ijumaa, mkewe alipokwenda sokoni kununua makayabu, samaki wa chumvi, Yakubu alichukua magongo yake, akajikokota hadi barazani. Akachomoa kanete, kile kidude cha chuma kinachobeba uzi wa chini, akarudi kuificha chini ya mto. Alijisikia kama mwizi wa kuku.

Ramla aliporudi aliitafuta kila pembe. Alifagia, akachambua taka kwa vidole.

"Papa Amani, haukuona kanete?"

"Nitaona aje? Mimi ni mutu ya kitanda."

Ramla akamtazama kidogo. Kisha akakunja vitambaa, akavitia kwenye mfuko, akaondoka. Alasiri alirudi na nguo mbili zilizokamilika.

"Nilishonea kwa Papa Hemedi," akasema. "Anasema nikuje kila siku kama ninapenda. Anasema hajaona mutu anapindua kola vile."

Hemedi! Fundi waliyeshindana naye tangu ujana. Yakubu akaona wivu mmoja umezaa wa pili, na huu wa pili ulikuwa na meno makali zaidi, maana sasa alimwona mkewe ameinama kwenye mashine ya mwanamume mwingine, akisifiwa. Mkono wake ukajiingiza chini ya mto, ukaitoa kanete.

"Shika," akasema. "Ni mimi niliweka hapa."

"Nilijua. Magongo yako iliacha alama mu vumbi." Ramla akaketi ukingoni mwa kitanda. "Sababu ya nini?"

"Wivu," Yakubu akasema, akiangalia ukuta.

"Bon. Mimi nilikuwa nayo miaka yote ile. Nilikuwa nakuangalia unashona, nawaka ndani. Haukuuliza hata siku moja."

Jioni ile walikula lituma, ndizi za kupondwa, kwenye sahani moja.

Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba na umepauka. Uliweza kukanyaga asubuhi tu. Kufikia adhuhuri ulivimba, na Ramla akachukua kiti. Ndivyo walivyogawana siku.

Asubuhi moja Mama Fortunée alifika na kitambaa kipya, akasimama ngazini.

"Mama iko wapi?"

"Alienda ku soko. Leta, nitakupima."

"Hapana, papa, nitamungojea."

"Kaa basi. Atarudia sasa hivi."

Akaketi. Yakubu akaendelea kushona kaptura ya shule, sikio lake likiwa barabarani, asijue anataka mkewe awahi au achelewe.