Neno la Siri la Meneja

Ofisini walimbandika jina Mama Kinyaa, kwa sababu fundi huyu wa kompyuta hagusi kibodi ya mtu kabla hajaipangusa kwa spiriti. Wangeona anayoyaona yeye, wasingemcheka. Kibodi ya meneja ilinata mafuta ya vidole, na katikati ya vitufe mlikuwa na vipande vya kucha. Aliviokota kwa karatasi, uso ameukunja.

Asubuhi hiyo barua pepe za meneja zilikuwa zinaingia, hazitoki. Fundi akafungua mipangilio. Seva ya kupokea ilikuwa sawa. Ya kutuma ndiyo haikuwekewa uthibitisho. Haimjui anayetuma ni nani, basi imegoma. Kazi ya kufumba na kufumbua.

"Naomba neno la siri, bosi."

"Karani ataandika," meneja alijibu, akijiegemeza kitini na kutabasamu. "Ndiye huniandikia kila asubuhi."

Karani, msichana mpole, akainama na kuandika bila kumtazama mtu. Fundi akabonyeza alama ya jicho ahakikishe herufi, na neno likajitokeza kwenye kioo: kiunochakarani1.

Kinyaa kilimpanda. Heri zile kucha. Aliweka alama kwenye kisanduku cha kukumbuka neno la siri, ili mtoto wa watu asiliandike tena. Barua ya majaribio ikatoka, akafunga mkoba wake. Karani akamsindikiza hadi mlangoni.

"Asante, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini ile alama hata mimi nimeshaiweka. Huwa anaitoa jioni, kesho yake ananiita niandike tena, yeye amesimama nyuma yangu."

Fundi alikuwa na mkataba na ofisi ile, na anayeusaini ni meneja huyohuyo. Aliufikiria mkataba, akalifikiria lile jitu limesimama nyuma ya kiti, akarudi ndani.

"Bosi, tunabadilisha neno la siri sasa hivi, na unaandika mwenyewe. Ukikataa, la zamani nampelekea mkurugenzi."

Tabasamu la meneja likafutika. Aliandika kwa kidole kimoja, akikosea na kurudia, jasho likimtiririka shingoni. Fundi hakumpa hata kitambaa.

Tangu siku hiyo karani hakuitwa tena asubuhi. Mkataba wa fundi ulipokwisha haukusainiwa mwingine, naye hakwenda kuuliza.