Damu Ina Blanketi, Mama Gazeti Hana

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kipimajoto kilichobandikwa ubavuni mwa boksi jeupe kinasoma nyuzi ishirini. Ndani ya boksi kuna sponji, kitambaa cha sufu na mfuko wa maji ya uvuguvugu. Litabeba mirija ya damu za wagonjwa kutoka zahanati kumi na nne hadi maabara kuu, na damu ikipigwa na baridi kali inaharibika.

Nje ya dirisha, nyuzi ni moja chini ya sifuri. Huko nje ndiko atakakokaa anayelibeba boksi.

Chumbani, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu amesimama na mikono imenyooshwa mbele, mfano wa mtu anayesubiri kukabidhiwa mtoto. Mama yake mzazi, fundi cherehani aliyestaafu kwa sababu ya macho, anamvisha koti la kazini. Analivisha kinyume: mgongo wa koti unakaa kifuani, zipu inapanda nyuma.

"Vuta pumzi," mama anaamuru.

"Nimeshavuta, mama."

"Hiyo si pumzi, ni vitumbua vya jana. Vuta!"

Zipu inapanda. Kabla haijafika shingoni, mama anachomeka gazeti la juzi kati ya koti na sweta, analipigapiga lilale sawasawa. Kwa ajili ya gazeti hilo, madereva wenzake wote wa skuta wanamwita Mama Gazeti, na wahasibu wa kazini hupekua orodha nzima wakitafuta jina lake halisi.

Mama Gazeti huchagua kurasa. "Za michezo ni nzuri, zina picha kubwa, wino mwingi," anasema. "Za matangazo ya zabuni ndiyo kiboko, nene kama ubao. Za hotuba hazifai. Upepo unapita tu."

Baridi ya mji huu haina adabu. Wakongwe wa barabarani wanaapa kuwa mwaka juzi mlio wa filimbi ya askari wa trafiki uliganda hewani saa kumi na mbili asubuhi, ukayeyuka saa sita mchana, magari yote yakasimama ghafla na askari mwenyewe alikuwa keshakwenda kula. Anayebisha hajawahi kukaa juu ya skuta mwezi wa baridi.

Skuta ina kasoro moja ambayo mwenye gari haijui. Injini iko chini ya kiti, joto lote linabaki nyuma. Mbele mnabaki wewe na upepo. Ukienda mwendo wa kilomita hamsini kwa saa, upepo huo unaingia kwenye kila tundu la kifungo, na zipu ya mbele ni mlango uliosahauliwa wazi.

"Ndiyo maana tunageuza koti," anaeleza Mama Gazeti, huku akivuta mifuko ya nailoni juu ya soksi. "Aliyenunua haya makoti hajapanda hata baiskeli ya mazoezi. Angeuliza dereva mmoja tu. Mmoja!"

Yeye amejifunza kwa kuungua, na hilo si neno la mafumbo. Katika kiganja cha kulia ana kovu jekundu, refu kama kidole. Msimu wake wa kwanza kazini, miaka tisa iliyopita, alisimama kwenye taa nyekundu vidole vikiwa havisikii chochote. Akainama, akashika bomba la moshi ili apate joto.

"Mkono ulikuwa umekufa," anasema. "Haukuniambia kitu. Nilisikia harufu kwanza. Nikajiuliza, nani anachoma nyama asubuhi yote hii? Kumbe ni mimi."

Kosa hilo, anasema, kila dereva mgeni wa skuta hulifanya mara moja. Yeye sasa huwatahadharisha: mkono uliokufa ganzi uweke kwapani, usiupeleke kwenye moto. Usivae soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana, damu itakwama. Simama kila baada ya dakika ishirini, ruka ruka. Watu wakikucheka, waache wacheke, wana joto la kuchekea.

Kujikinga kwake kuna vitu vitatu. Cha kwanza ni koti lililogeuzwa. Cha pili ni aproni ya miguu, aliyoishona mama yake kwa blanketi kuukuu juu na turubai chini, inayofungwa kiunoni na kufunika magoti hadi kwenye ubao wa kukanyagia. Cha tatu ni madumu mawili ya lita tano ya mafuta ya kula, yaliyokatwa na fundi wa pikipiki wa mtaani na kufungwa kwenye usukani yawe nyumba za mikono.

"Dada mkubwa aliniletea madumu, nikadhani anataka kuuza mafuta," anasema fundi huyo akicheka. "Baadaye nikaijaribu skuta yake. Mikono ikawa kama iko kitandani. Nilitaka niombe nilale."

Glavu halisi za pikipiki zinauzwa theluthi ya mshahara wake wa mwezi. Madumu aliyapata bure.

Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyomletea barua tatu.

Barua ya kwanza ilisema amevaa sare "kwa namna inayopotosha nembo ya kampuni", kwa kuwa nembo ya mgongoni ilikuwa kifuani. Ya pili ilisema aproni "haiendani na rangi zilizoidhinishwa". Kwa kanuni za kampuni hiyo ya kusafirisha sampuli, barua ya tatu ni safari ya nyumbani moja kwa moja.

Aliyeziandika ni afisa usafirishaji, kijana nadhifu mwenye ofisi ya ghorofa ya pili. Madereva wanamwita Bwana Hita. Ana hita chini ya meza na nyingine nyuma ya kiti, na inasemekana mwezi wa baridi ukimkuta pale mezani unamkuta na shati la mikono mifupi. Wengine wanadai walimwona akijipepea. Hilo la kujipepea mwandishi hawezi kuliapia.

"Mimi sina ugomvi na mtu kuwa na hita," anasema Mama Gazeti, na sauti inapanda. "Awe nazo kumi! Lakini mkataba una kipengele kwamba boksi lisilale nje. Linalala ndani kwangu, pembeni ya jiko, mama yangu analisogelea apate joto. Kuna karatasi ya kujaza joto la boksi kila saa. Damu ya watu ina blanketi. Yangu haina? Yangu ni maji ya bomba?"

Baada ya barua ya pili, tangazo lilibandikwa ukutani: madumu yote yaondolewe kwenye usukani. Madereva ni kumi na tisa, na wote walikuwa wameshamwiga. Wengi walitii. Mmoja wao, anayeitwa Kaka Mrefu kwa sababu magoti yake hupita usukani, aliyatoa yake siku hiyo hiyo.

Jumanne iliyofuata, saa moja kasoro asubuhi, Kaka Mrefu alifika kwenye mzunguko wa barabara. Gari la mbele likasimama. Akavuta breki. Yaani aliamini amevuta breki.

"Nilitoa amri, vidole vikakaa kimya," anasema, bega lake likiwa kwenye mkanda wa hospitali. "Nikaviangalia. Vimeshika breki vizuri kabisa, ila havikazi. Kama vidole vya mtu mwingine."

Alivunjika mfupa wa mtulinga. Akiwa bado amelala kwenye lami, simu yake iliita. Ilikuwa ofisini. Swali la kwanza lilikuwa: "Boksi limepona?"

Mama Gazeti aliambiwa habari hiyo akiwa kwenye zahanati ya tisa. Wanaomjua wanasema hakupiga kelele. Alikwenda nyuma ya jengo, akaipiga teke ndoo ya taka, akairudisha mahali pake, akaomba radhi kwa mfagiaji, akaendelea na kazi. Madumu yake hakuyatoa.

Barua ya tatu ikaja, ya kumfukuza, ikisubiri tu kusainiwa kwenye kikao cha nidhamu alichoitwa. Mwishoni ilikuwa na mstari mmoja ambao kwa kawaida hakuna anayeusoma: "Mtuhumiwa anaruhusiwa kuja na vielelezo vyake."

"Nikasema vizuri," anakumbuka. "Nitakuja na kielelezo."

Usiku wa kuamkia kikao, mama yake aliweka beseni la maji barazani. Asubuhi lilikuwa na kipande cha barafu juu, kigumu kama kioo cha dirisha. Mama Gazeti alilifunika kwa sahani, akalifunga kwenye skuta mahali pa boksi, akaendesha polepole hadi ofisini na kulipandisha ghorofa ya pili akiwa amelikumbatia.

Katibu muhtasi, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, anasimulia yaliyofuata.

"Afisa akamuuliza, 'Mama, hilo beseni la nini? Huku si kwa dobi.' Akajibu, 'Kielelezo, kiongozi. Barua yako imeruhusu.' Akaliweka juu ya meza, juu ya mafaili. Akasema, 'Naomba uweke mkono wa kulia humu dakika tano. Mimi nauweka huo wa kwangu kwenye upepo kwa muda wa saa tatu kila asubuhi. Ukimaliza, saini barua yangu ya kufukuzwa. Sitalia.'"

Bwana Hita alicheka. Akasema kikao si mchezo wa watoto. Hapo katibu muhtasi, ambaye katika miaka kumi na moja ya kuandika kumbukumbu hajawahi kusema neno kikaoni, alikunja mkono wa blauzi.

"Nilisema ngoja nitie mimi, nijue ninachoandika ni nini," anasema. "Dakika mbili tu! Kurudi kwenye kalamu, kalamu inakwenda inakotaka yenyewe."

Mkuu wa kikao akishindwa na katibu wake mbele ya dereva, jioni hiyo jengo zima litajua. Bwana Hita alivua saa, akatumbukiza mkono. Dakika ya kwanza alisimulia jinsi alivyokulia sehemu za baridi. Ya pili akaanza kuitazama saa aliyoivua. Ya tatu masikio yakawa mekundu. Ya nne akautoa, akaukumbatia kifuani kwenye shati lake la mikono mifupi.

"Bado moja, kiongozi," Mama Gazeti alimwambia. "Lakini nakusamehe. Saini."

Alijaribu. Kalamu ilianguka mara mbili. Mara ya tatu aliishika kwa ngumi, akaburuta kitu kwenye karatasi. Katibu muhtasi anasema kilifanana na kuku aliyekanyaga wino akakumbuka yuko na haraka.

"Nikamwambia, sasa fikiria hiyo kalamu ni breki," anasema Mama Gazeti. "Na mbele yako kuna mtoto anavuka kwenda shule. Sikutaka aombe msamaha. Nilitaka ajue."

Barua iliyosainiwa ilipelekwa makao makuu siku hiyo hiyo.

Baada ya wiki moja ilirudi, ikaishia mikononi mwa Mama Gazeti. Makao makuu hayakuuliza habari za baridi, wala za mtulinga wa Kaka Mrefu. Walisema saini haifanani na ile iliyopo kwenye kumbukumbu zao, kwa hiyo barua haitambuliki. Waliomba pia kumbukumbu za kikao ziandikwe upya, kwani hazisomeki.

Kwa sasa, basi, Mama Gazeti hajafukuzwa na hajasamehewa. Kampuni imetangaza kuunda kamati ya kuchunguza athari za baridi kwa madereva. Kamati itakutana baada ya miezi minne, jua likiwa linapasua vichwa.

"Watakaa pale wanajifuta jasho," anasema, "waandike kwamba hawakuona baridi yoyote."

Hasira yake haijapungua, na haombi ipungue. Anachotaka ni kitu kimoja, na amekisema kwa kila anayetaka kusikia: nyumba za mikono kwenye usukani wa kila skuta, msimu huu huu, kabla kidole kingine hakijagoma kwenye mzunguko. Kamati ikae itakavyo baadaye.

Ana mpango. Jumapili fundi alikata madumu thelathini na sita, yaliyokusanywa kutoka majikoni mwa mtaa mzima. Mama yake, kwa macho yake hayo, ameshona aproni kumi na moja na anaendelea. Uzi wa sindano anatungiwa na Kaka Mrefu, kwa mkono mmoja ulio mzima na meno. Jumatatu ijayo madereva wote kumi na tisa, akiwemo Kaka Mrefu atakayekuja kwa miguu, watasimama uani mwa kampuni wakiwa wamegeuza makoti, nembo kumi na tisa zikiangalia dirisha la ghorofa ya pili.

Anaulizwa: na wakiandikiwa barua wote?

Mama Gazeti anapandisha mguu juu ya skuta na kufunga aproni. Anaingiza mikono ndani ya madumu. Kisha anautoa mmoja, anapekua kifuani chini ya koti, na kuvuta kona ya karatasi iliyokunjwa. Si gazeti. Ni barua ya kwanza, nyuma yake ya pili, nyuma yake ile ya tatu yenye saini ya kuku.

"Waandike," anasema, akizirudisha mahali pake na kuzipigapiga zilale sawasawa. "Karatasi zao ni nzito kuliko gazeti. Tuko kumi na tisa, na baridi bado ina mwezi mzima."