Mikorosho ya Nyuma ya Kisima

Korosho zikichomwa, moshi wake huingia kooni ukakaa humo. Mpaka leo nikipita mahali wanapochoma, sikumbuki utamu wa korosho hata kidogo. Namkumbuka baba yangu, na hasira zinanipanda upya. Najua marehemu hasemwi, lakini huyu ni wangu, mtanivumilia.

Tulikaa Ziwani, miaka michache baada ya uhuru, nami sijafika hata miaka kumi. Msimu ukifika baba alinichukua kuokota korosho, miguu inanata maji ya mabibo. Nyuma ya kisima kulikuwa na mikorosho kumi na miwili aliyoichanja kwa panga, chale tatu kila shina. "Somoe, hii ni ya mama yako," aliniambia. "Mimi nikiondoka, asihangaike." Nikaigusa mmoja mmoja, kichwa kimevimba kwa kuaminiwa jambo kubwa namna ile.

Nilimweleza mama siku hiyo hiyo. Hakufurahi kama nilivyotaka. Kwa desturi yetu mali ya mwanamume humwendea mpwa wake, na mpwa alikuwepo: kaka Saidi, mtoto wa shangazi, kijana mkimya aliyekuja kupalilia shamba letu.

"Baba Somoe," mama alimwambia tukiwa tunakula, "kama umenipa, nipe mbele za watu. Mwite shehe na wazee wawili, basi."

Baba akasukuma sahani ya ugali wa muhogo. "Kumbe mnasubiri nife!"

Ikawa ndiyo hivyo. Mama akigusia tu, sahani inasukumwa. Nami nikamwona mama msumbufu, jamani! Chale si zipo pale mtini? Anataka nini zaidi?

Homa ilimchukua baba kwa siku tatu. Siku ya arobaini, hitima ilipokwisha, wazee wakakaa kuzungumza mali. Mama akadai mikorosho yake. Shehe akauliza nani aliitwa kushuhudia. Nikasimama mimi, mtoto, mbele ya mkeka wa wanaume, nikataja chale tatu, miti kumi na miwili, nyuma ya kisima. Hakuna aliyenicheka, wala aliyenisikiliza.

Kaka Saidi akasema taratibu, "Mjomba alinipitisha kule mwenyewe. Chale tatu. Aliniambia ni yangu."

"Mwongo!" nilipiga kelele. Shangazi akanishika mkono akanitoa nje. Mikorosho ikaenda kwa Saidi. Mama na mimi tukarudi kwao Kitaya na mikeka miwili na sufuria, na mama akaanza kulima mashamba ya watu.

Nilimchukia Saidi miaka na miaka. Tukaja kukutana kwenye msiba wa shangazi, mimi tayari nina watoto wanne. Nikamuuliza waziwazi: mjomba wako alikwambia nini hasa? Hakufikiri hata kidogo. "Saidi, hii ni ya kwako na mama yako. Mimi nikiondoka, asihangaike." Akaongeza kwamba shangazi naye alimsihi baba aite watu wa kushuhudia, na baba akasukuma sahani.

Kwao pia! Alitaka kupendwa nyumba zote mbili, akala kote kote, akatuachia sisi kugombana.

Saidi hakudanganya. Neno lile nilimtupia mtu siye. Mwenyewe, siku ile ya arobaini, tulikuwa tumetoka kumsomea hitima.