Kiwele cha Kajri

Bhateri alizaliwa binti wa nne, akapewa jina lenye maana ya "wametosha". Wazazi walitosheka, yeye hakutosheka kamwe.

Alikuwa ametimiza miaka kumi na moja kwenye ndoa, katika kijiji kimoja cha jimbo la Haryana, India, na bado hajamsemesha baba mkwe wake, mzee Ramphal. Kwa mila yao, mkamwana hufunika uso na kunyamaza mbele ya mkwewe. Akiwa na neno, alimwambia nyati wao wa maziwa. "Kajri, pumba zimeisha," alikuwa akisema, na mzee aliyelala uani kwenye kitanda cha kamba alikuwa akisikia, kesho yake pumba zikaletwa.

Masika yale kiwele cha Kajri kilivimba, maziwa yakatoka mabonge. Mama mkwe alisema ni kijicho, akamfunga nyati uzi mweusi. Ramphal akamwita Satbir, mchoma sindano wa kijiji, ambaye hakuna aliyejua alisomea wapi. Siku sita Satbir alisukuma dawa kwenye chuchu zote nne kwa ncha ile ile ya bomba, bila kuiosha, na kiwele kikazidi kuwa kigumu.

Bhateri akapeleka maziwa chuo cha mifugo. Jibu lilikuwa kuvu, na dawa za Satbir haziui kuvu, zinaipa nafasi tu. Wakamuuliza nyati analalia nini. Akakumbuka: mabua ya ngano yaliyoloa, meupe kwa ukungu. Aliyatandika mwenyewe, kwa huruma.

Aliporudi, mnunuzi wa machinjioni alikuwa ameshika kamba ya Kajri. Bhateri akasimama mbele ya mnunuzi. Satbir, aliyekuwa pale uani na mzee, akacheka.

"Mwambie nyati shida zako, shemeji. Sisi tuna kazi."

Bhateri akafunua uso, akamgeukia Ramphal.

"Baba, leo nakwambia wewe. Ni ukungu. Mabua nilitandika mimi, kosa langu. Lakini huyu ameusukuma mpaka ndani. Kajri hauzwi."

"Jifunike," mama mkwe akanong'ona.

"Nikimaliza, Mama."

Ramphal akatoa siku ishirini Kajri apone, mnunuzi akaachia kamba. Bhateri akazoa mabua yote, akatandaza mchanga mkavu, akamfukuza Satbir kila alipochungulia. Alikamua mara tano kwa siku na kumwaga maziwa mbali. Chuchu moja ilikufa, akaililia waziwazi. Tatu zikarudi.

Siku ya ishirini mnunuzi alikuja, akampita Bhateri, akamuuliza mzee bei ya Kajri.

"Mbona unaniuliza mimi?" Ramphal akasema. "Mwenye nyati umempita hapo mlangoni."