Kikasha cha Salumu

Jamani, leo nimewanywesha damu yangu mbu wa marehemu.

Kwa daktari Mjerumani anayechunguza malaria hapa Morogoro, sisi wafuga mbu kila mmoja ana kikasha chake. Unaingiza mkono, wanakunywa. Mwenzangu Salumu alizoea kunitania: "Kaka, mbu wako wana vitambi kama wewe!"
Tumemzika Ijumaa. Homa yake, hata dawa ya kwinini haikuiweza.

Leo, kwa macho yangu haya mabovu, nikachukua kikasha kisicho changu.

Daktari akashtuka. "Hao walimnyonya Salumu akiwa mgonjwa!"

"Kwani wana nini, bwana?"

"Nimewapasua wenzao, nimetazama kwa darubini. Sioni kitu."

Heri angeona; kinachoonekana kina dawa.

Sasa nipo mlangoni kwangu, na mbu wa humu ndani hawana kikasha. Mke wangu anasema ugali unapoa, mbona siingii?

Ninyi mngeingia?